Silvanus Mwandawiro, Sauti ya Dirisha la Korti

Wewe uliyeketi karibu na nguzo, unayemnong'oneza mwenzako kwamba yatakayosomwa hapa yamepikwa na jamaa ili marehemu aonekane malaika, nyamaza kwanza usikilize, maana asubuhi hii umekunywa uji wa msibani vikombe viwili bila kuuliza ulipikwa na nani. Haya yana tarehe na mahali, na mabaya hayakuachwa. Mchungaji alishauri, kwa upole wake wa kawaida, kwamba historia ifike kwenye kazi ya serikali kisha iruke hadi ugonjwa, naye akajibiwa kwa upole huohuo kwamba mtu hakatwi vipande kama muwa, ukala pingili tamu na kutupa nyingine. Msomaji ni dada yake marehemu, Wakio, aliyefika darasa la nne katika shule ya misheni, na penye Kiswahili kibovu mtamsamehe, lakini kuhusu tarehe msibishane naye.

Silvanus Mwandawiro alizaliwa Mbololo tarehe 14 Machi 1906, kama ilivyoandikwa katika daftari la ubatizo, mtoto wa tano wa wazazi wake na wa kiume pekee aliyeishi, na kwa sababu hiyo mama yao alimdekeza kiasi cha kuwaudhi majirani. Alianza kusema mapema na hakupumzika tena. Akitumwa maji alirudi na mtungi nusu na habari mtungi mzima, nyoka aliyemwona asubuhi akiwa na urefu wa mkono, kufika saa ya chakula cha mchana huyo nyoka ameshakuwa na urefu wa uzio, na siku moja dada yake alipomwuliza ni nyoka gani huyo anayekua kuliko mahindi, alijibu bila haya, "Dada, ukisimulia fupi hawakusikilizi." Alikuwa na miaka tisa. Wote nyumbani wakacheka, akiwemo dada yake, na hilo liandikwe pia.

Alisoma shule ya misheni hukohuko Mbololo kuanzia Januari 1915 hadi Desemba 1921, akamaliza darasa la sita, na mwalimu wake alimpa kusoma somo la Jumapili kwa sababu sauti yake ilifika mashambani, ikawakuta wale waliokwepa ibada wakipalilia. Mwaka 1922, mwezi wa Juni, alishuka Voi akaajiriwa kwenye ghala la mizigo karibu na stesheni, kazi yake ikiwa kuita majina ya wenye mizigo, naye akaifanya kazi hiyo miaka kumi na minane, mpaka watu wasiokuwa na mzigo wowote wakawa wanakwenda tu kumsikiliza akiwaita wenzao.

Tarehe 5 Septemba 1931 alifunga ndoa takatifu na Tryphena, binti wa Sagalla, mwanamke wa maneno machache, na ilikuwa heri, kwa kuwa nyumba moja haiwezi kubeba watu wawili wa aina ile. Mungu aliwajalia watoto watatu, Mkawasi aliyezaliwa mwaka 1933 na ambaye ni mwalimu, Righa aliyezaliwa mwaka 1936 na ambaye yuko hapa na mkewe, na mtoto wa kiume aliyezaliwa tarehe 2 Mei 1939 akaishi siku kumi na moja. Mwaka 1940 marehemu alijiunga na jeshi, akapelekwa Uhabeshi na baadaye Burma, akafunzwa kazi ya redio na spika, akarudi Februari 1946 na koti la jeshi, kikohozi, na maneno ya Kiingereza ambayo mengi hayafai kusomwa kanisani.

Baada ya vita alikuwa karani wa boma, na kuanzia tarehe 1 Aprili 1950 alipewa kazi ambayo nyote mnamjua kwayo, mtangazaji wa lile gari la serikali lenye tarumbeta mbili za spika juu ya paa, linalopita vijijini kuonyesha sinema na kuwaambia watu siku ya kuchanja ng'ombe. Alitangaza kwa Kiswahili na kwa Kidawida, na hata chanjo ya ng'ombe kinywani mwake ilikuwa hadithi, ikabidi mtu asimame asikie kama yule ng'ombe wa mfano atapona.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo alipopendekeza mchungaji turuke.

Mwezi wa Agosti 1951 jamaa yetu ilikuwa na kesi ya shamba la bondeni. Ilisikizwa siku mbili, mlango umefungwa, askari amesimama mbele yake, na sisi tumeketi juu ya mawe nje kama watu wanaongoja kuzaliwa kwa mtoto wa jirani. Siku ya pili jioni karani alitoka na sentensi moja, kwamba shamba si letu. Silvanus alimwuliza nani alisema nini, akajibiwa kwamba yaliyosemwa ndani yamebaki ndani. Mama yao alikufa mwaka uliofuata, na mpaka anakata roho hakujua ni jirani gani aliyesimama mbele ya hakimu kushuhudia kwamba mama huyo hakuwahi kulima pale, kwa hiyo aliwachukia wote kwa usawa. Silvanus alisema kwamba hukumu mbaya mtu huizoea kama kibiongo, lakini hukumu usiyoijua ilivyofikiwa hukutafuna kila siku upya, na akaanza kwenda kwa Bwana D.O., afisa wa serikali pale boma, mara kwa mara, kofia mkononi, kuomba kwamba chumba cha korti kikiwa kidogo, basi waliobaki nje nao wasikie.

Alikataliwa mara nne. Mara ya tano, Machi 1953, alikubaliwa, kwa sababu watu walikuwa wamejaa dirishani hata mwanga haukuingia na hakimu hakuweza kusoma karatasi zake. Gari likaegeshwa kando ya jengo, Silvanus akapewa kiti ndani, kando ya dirisha, mikrofoni ikapitishwa kwake kwa waya, na utaratibu ukawa hivi, shahidi anasema, mkalimani anafasiri, hakimu anaandika, na wakati hakimu anaandika Silvanus anawaambia watu wa nje yaliyosemwa. Dada yake alikuwa pale siku ya kwanza. Kesi yenyewe ilikuwa ya mbuzi. Hata hivyo wazee walivua kofia, na mama mmoja kutoka Kaloleni alilia, akasema hajawahi kujua kwamba hakimu huuliza maswali, alidhani hutoa hukumu tu kama mvua ya mawe. Basi anayesema leo kwamba kazi ile ilikuwa upuuzi tangu mwanzo, hakuwepo.

Usiku wa Jumamosi tarehe 6 Februari 1954 ghala la shamba moja la mkonge nje ya Voi liliungua, na mlinzi wake, Kituku, akafia ndani. Tarehe 9 alikamatwa Nashon Oduor, mtu wa kubadilisha njia za reli pale stesheni, mkazi wa landhi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli, kwa kuwa siku mbili kabla ya moto yeye na Kituku walikuwa wamegombana mbele ya watu juu ya njia ya mkato inayopita shambani, na Oduor alikuwa amesema, "Utaona." Watu wa milimani walisema ni yeye, watu wa landhi walisema anaonewa kwa sababu ametoka mbali, na wiki ile sokoni hakuna aliyemwuzia mwenzake nyanya bila kumwangalia vibaya. Hakimu alikuwa na jambo moja la kuamua, kama ushahidi unatosha Oduor apelekwe Mombasa mbele ya jaji mkubwa, ambako hukumu ya kuua ni kamba, au hautoshi afunguliwe.

Kesi ilianza Jumatatu tarehe 10 Mei 1954. Shahidi wa kwanza alikuwa Makau, mwendesha mkokoteni wa shamba, ambaye alisema kwamba usiku ule alimwona mtu mrefu akitoka upande wa ghala akiwa na taa, uso hakuuona vizuri, ila mwendo ulifanana na wa Oduor. Basi. Hilo tu. Ilikuwa saa saba mchana, jua limewapiga watu wa nje, wengine wanasinzia, na Silvanus alitazama zile shingo zilizolegea akaona haya kama mwimbaji ambaye kwaya yake imelala. Akalitoa lile neno la Makau kwenye spika, na mkiani akalifunga pambo lake. Alisema mtu yule alikuwa na taa, "na taa yenyewe, enyi watu, kioo chake kimepasuka, kimefungwa kwa uzi wa mkonge!"

Shingo zikanyooka. Watu wakaguna. Makau hakuwa amesema kioo wala uzi. Silvanus aliyatoa wapi hayo? Aliyatoa mezani kwake, maana taa ya nyumbani kwake ilikuwa na ufa toka Krismasi na Tryphena alikuwa ameufunga kwa uzi wa mkonge. Alichukua tu kilichokuwa karibu, kama mpishi anayekosa bizari.

Nyuma ya jengo, kwenye baraza lenye kivuli, askari alikuwa amewaketisha mashahidi waliokuwa hawajaitwa. Walikatazwa wasiingie ndani, wala wasiongee wao kwa wao juu ya kesi, na walitii, hakuna aliyemgeukia mwenzake hata kuomba tumbaku. Lakini tarumbeta moja ya gari ilielekea kule, na ya tarumbeta hawakukatazwa.

Aliyeliona hili wa kwanza alikuwa Ajiambo, mke wa Oduor, aliyekuwa akishinda pale nje kutwa nzima na mtoto mgongoni. Jioni hiyo alimfuata Silvanus kwenye gari, akamwambia, "Baba, wale mashahidi wa nyuma wanakusikiliza. Unawafundisha."

"Mama, mimi sifundishi mtu. Natangaza."

"Tarumbeta yako imewaangalia usoni. Igeuze basi."

"Nikiigeuza, watu wa upande ule hawatasikia. Unataka korti irudi gizani? Mumeo ahukumiwe kwa siri, ungependa?"

"Ningependa ahukumiwe kwa yale watu waliyoyaona," alisema Ajiambo. Silvanus alimwambia aende nyumbani akampikie mtoto, akajisikia ameshinda. Alimsimulia dada yake maneno hayo mwenyewe, na aliyasimulia yote, hata lile la kupika.

Jumanne tarehe 11 aliitwa Obadiah, fundi viatu, akaapa, akasema kwamba naye usiku ule alikuwa njiani, akamwona Oduor na taa, na taa hiyo kioo chake kimepasuka, kimefungwa kwa uzi wa mkonge. Jumatano aliitwa mwanamke muuza maziwa, akasema vilevile, na yeye akaongeza kwamba uzi ulifungwa mara tatu. Taa ya Oduor ya reli ilikuwa mezani pale mbele ya hakimu, kioo chake kizima, na inspekta aliyeendesha mashtaka akasimama akasema kwamba mshtakiwa alibadilisha kioo ili kuficha. Hakimu aliwauliza wale wawili kama walikaa wakapanga maneno, wakakana kwa Biblia, na walikuwa wanasema kweli. Mkalimani alifasiri neno la hakimu, kwamba watu wawili hawaoti ndoto moja, na kwamba atatoa uamuzi Jumatatu.

Silvanus alikuwa na mikrofoni mkononi na watu wanangoja. Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, hakutia pambo. Alitangaza kwamba korti imeahirishwa, akazima.

Jumamosi tarehe 15 dada yake alishuka kutoka Mbololo kuleta maharagwe, akamkuta ameketi uani mchana kweupe, hajanyoa, na mbele yake Tryphena anasugua kioo cha ile taa kwa majivu, akizunguka ule uzi kwa uangalifu usilegee. Tryphena alisema, bila kuinua uso, "Mwulize ndugu yako kwa nini hali tangu Jumatano." Akaulizwa. Akasema yote.

"Basi nenda ukaseme," alisema dada yake.

"Nikisema nimekwisha. Kazi imekwisha. Na hilo dogo, dada. Watafunga dirisha. Miaka miwili nimebembeleza lile dirisha. Watu watarudi kuketi juu ya mawe."

"Na usiposema?"

"Huenda ni yeye aliyechoma. Makau alimwona mtu."

"Makau alimwona mtu mrefu. Wewe ndiye uliyeitia taa yake ufa. Hata nyoka wako wa utotoni hakuwahi kumnyonga mtu, Silvanus."

Silvanus alisema anamwogopa mjane wa Kituku, Nzembi, kuliko anavyomwogopa hakimu, kwa kuwa Nzembi alikuwa akija kila siku kusimama chini ya tarumbeta, na kila jioni alimpa mkono na kumshukuru kwamba anamfikishia maneno ya kesi ya mumewe. Dada yake alikunywa chai yake, akarudi Mbololo na kikapu kitupu, na siku ile alipopanda mlima alidhani ndugu yake angenyamaza.

Hakunyamaza. Jumatatu tarehe 17 Mei 1954, saa tatu asubuhi, Silvanus alisimama kutoka kwenye kiti chake cha dirishani akiwa na kitu kilichofungwa kwenye gunia, akaomba kusema, akaambiwa aketi, akaendelea kusimama. Alimwambia hakimu kwamba kioo kilichopasuka hakikutoka kwa Makau, kimetoka kwake, na uzi nao umetoka kwake, akafungua gunia akaiweka taa ya nyumbani kwake mezani kando ya taa ya reli. Daftari likafunguliwa, ushahidi wa Makau ukasomwa tena neno kwa neno, kioo hakikuwemo. Obadiah aliitwa tena, akaulizwa ule uzi aliuona wapi.

"Mheshimiwa, ulitangazwa," alisema Obadiah.

"Nakuuliza kama uliuona kwa macho yako."

"Ulitangazwa na gari la serikali, mheshimiwa. Mimi taa niliiona kwa mbali, kioo sikukiona. Lakini serikali imeshasema kina ufa, nami ni nani niseme taa tupu? Ningekuwa nimeikana serikali."

Mwanamke wa maziwa akasema hivyohivyo, akasema yeye alidhani tarumbeta inawakumbusha mashahidi wasisahau. Msicheke. Mngekuwa ninyi mngesema nini? Watu hawa walizoea kwamba linalotoka kwenye gari lile ndilo sheria, ng'ombe wachanjwe Alhamisi, nao wanachanjwa Alhamisi. Walisema uongo kwa kuogopa kusema uongo.

Hakimu alifuta ushahidi wao wote wawili, akasema hawezi tena kutenganisha walichokiona na walichokisikia, na kwa mwendo tu wa mtu mrefu hampeleki mtu yeyote Mombasa. Nashon Oduor akafunguliwa saa sita mchana. Kisha hakimu akamgeukia Silvanus, akamwuliza kama ana neno kabla ya kuadhibiwa kwa kuiharibu kesi, naye akasema, "Mheshimiwa, nifunge mimi, usifunge dirisha." Hakimu alifunga vyote viwili. Silvanus alipewa mwezi mmoja jela, kazi ikaisha siku hiyohiyo, gari likaondolewa.

Basi wanaosema alihongwa na watu wa reli, wasikie malipo yake. Alipotoka jela tarehe 16 Juni, alikutana na Oduor mbele ya stesheni, na Oduor, aliyekaa rumande siku tisini na saba, akatema mate chini akaendelea na safari yake, na mwezi wa Agosti alihamia Kisumu bila kuaga mtu. Watu wa milimani hawakumsalimu Silvanus kwa mwaka mzima. Na Nzembi alikuja mpaka uani kwake, akasimama, akakataa kiti, akasema, "Kama ni Oduor, umemtoa. Kama si Oduor, umemficha aliyefanya, maana sasa hakuna shahidi atakayeaminiwa. Niambie wewe mwenye sauti, mume wangu nimdai kwa nani?" Aliyechoma ghala hajulikani hadi leo, tarehe 10 Septemba 1959, na huenda hatajulikana kamwe, na sababu kubwa ya kutojulikana inalala ndani ya sanduku hili. Familia haiombi mtu ajifanye vinginevyo.

Miaka miwili na nusu alilima, vibaya. Hakimu mwingine alipokuja, Silvanus alimwandikia barua, akaitwa, na tarehe 14 Januari 1957 akaruhusiwa kurudi, bila gari, bila tarumbeta, kwa masharti aliyoyapendekeza mwenyewe. Kwanza mashahidi wote wa kesi wamalize na kutolewa, kisha karani ampe daftari, kisha asimame nje mchana kweupe awasomee watu yaliyoandikwa, neno kwa neno, na likiwepo jina la mtoto au la mtu ambaye bado hajahukumiwa kwa jambo jingine, liachwe. Asiongeze hata nukta. Alisoma hivyo kila wiki, sauti kavu kama ugali wa jana. Watu walichoka. Waliokuwa mia mbili siku za tarumbeta wakawa thelathini, kisha saba, na mmoja wao alikuwa kiziwi. Dada yake alimwambia, "Silvanus, unatuua kwa usingizi," naye akasema, "Vizuri. Aliyelala hakudanganywa." Lakini mama yeyote mwenye kesi ya shamba alijua kwamba siku ya hukumu atasikia nani alisimama na alisema nini, na hilo lilikuwa ndilo aliloliomba toka mwanzo.

Marehemu alianza kuugua Novemba 1958, miguu ikivimba na pumzi ikikatika, akapelekwa hospitali Voi, akatibiwa, akapata nafuu, akarudi kusoma daftari akiwa ameketi. Tarehe 21 Agosti 1959 alizidiwa, akalazwa tena, na madaktari wakasema moyo wake umepanuka na hawana la kufanya zaidi. Alimwagiza dada yake jambo moja, kwamba siku ya kusomwa historia yake asiongezewe kitu wala asipunguziwe, na alilisema mara mbili kwa sababu anamjua dada yake, kwamba naye si haba kwa kutia chumvi. Alifariki Jumanne tarehe 8 Septemba 1959, saa kumi na moja alfajiri, Tryphena akiwa ameshika mkono wake.

Familia inawashukuru daktari na wauguzi waliomhudumia bila kuchoka, majirani wa Mbololo na Kaloleni waliochimba kaburi kwenye ardhi hii ngumu, karani na mkalimani wa korti waliomvumilia, na Ajiambo, ambaye Oduor alimwacha hapa Voi na watoto wawili, na ambaye jana alipanda mlima na debe la maji kichwani kwa kuwa alisikia kisima chetu kimekauka. Alitua debe, akachukua jiwe la kusagia, akaanza kusaga.

Silvanus, mwana wa mama, umesemwa kama ulivyokuwa, lala sasa bila deni la maneno.

Mchungaji amesema kwamba baada ya historia wengine nao watasema walivyomjua marehemu, na wa kwanza kuomba nafasi ni Nzembi, mjane wa Kituku, ambaye amekuja na ameketi kule mbele na kanga yake nyeusi. Ana haki ya kusema yote, mbele ya watu wote, bila kutazama uso wa ndugu wa marehemu ili ajue aseme lipi na ameze lipi. Kwa hiyo dada yake hataketi. Anaikunja karatasi hii, anapita katikati yenu, msimshike mkono, anatoka nje juani, na mlango anaufunga yeye mwenyewe.